Kaboni kwenye valvu za inteki: uchafu ambao dawa ya tangi haiufikii

Mwenyekiti, mafundi wenzangu, wazee wetu mliotufundisha kushika spana, vijana wa VETA mliojibanza huko nyuma (sogeeni, viti vya mbele haviumi), na nyie madereva mliokuja kusikia tunavyowasema: habari za asubuhi.

Nianze na hii chupa. Mnaijua. Inauzwa madukani, inauzwa sheli, inauzwa hata na vijana kwenye foleni. Lebo nimeifunika kwa makusudi, sikuja kugombana na mtu. Unaimimina kwenye tangi la petroli na unaambiwa itasafisha nozeli, chumba cha kuchomea mafuta, na valvu. Kwa Carina, kwa IST, kwa Spacio yenye injini ya 1NZ, maneno hayo yana ukweli ikiwa dawa yenyewe ni nzuri. Kwa Mark X ya 2.5, upande wa valvu za inteki, yaani zile za kuingizia hewa, ni maneno matupu hata ukimimina katoni nzima. Dawa inaweza kuwa halali kabisa na isiwe feki. Tatizo ni kwamba njia yake haipiti huko.

Mzizi wa mada yetu ya leo ni huo, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Kwenye injini tulizozizoea, nozeli imekaa nje ya silinda, kwenye menifoldi (mabomba ya kugawia silinda hewa) au mlangoni mwa silinda hedi. Inanyunyiza petroli kwa presha ndogo, bar tatu au nne hivi, ikielekea mgongoni mwa valvu ya inteki. Valvu ikifunguka, hewa na petroli vinaingia pamoja. Petroli yenyewe inayeyusha mafuta, na ile nzuri imeongezewa kemikali za kusafishia. Kwa hiyo valvu inaoshwa kutwa nzima bila mtu kujua. Ukifungua injini ya 5A iliyotembea kilomita laki mbili, mara nyingi mgongo wa valvu unaukuta wa kahawia tu, labda na ukoko mwembamba.

Kwenye injini za kunyunyiza moja kwa moja, hizi mnazoziita D-4, GDI, TSI, FSI, nozeli imehamia ndani ya silinda. Petroli inaingia kwa presha kubwa, kwenye D-4 ya Toyota inaweza kupita bar 100, na haigusi kabisa mgongo wa valvu. Mlangoni inapita hewa peke yake. Ingekuwa hewa safi kweli nisingekuwa na la kuwaambia, lakini hewa ile ina wageni.

Mgeni wa kwanza, na ndiye mkubwa, ni oili. Gesi inayopenya ringi za pistoni inashuka kwenye sampu, bakuli la oili, na kuchanganyika na ukungu wa oili. Haiwezi kuachwa ijae humo, itasukuma sili nje. Kwa hiyo mfumo wa PCV unairudisha kwenye menifoldi ikachomwe pamoja na hewa. Kwa hewa tunayovuta mjini ni jambo jema sana. Kwa valvu ni balaa, kwa sababu ukungu ule unatua kwenye chuma chenye joto la mamia ya nyuzi. Kilicho chepesi kinaruka, kilicho kizito kinabaki na kuungua. Kesho kinakuja kingine juu yake. Mmewahi kugeuza kikaango cha muuza chipsi mkaona upande wa chini? Ukoko ule haukuja siku moja, na maji ya moto hayautoi.

Mgeni wa pili ni moshi wa injini yenyewe, unaorudishwa na EGR, mfumo wa kurudisha moshi kwenye inteki, au unaorudi wenyewe pale VVT, mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka, inapoachia valvu za inteki na za egzosi ziwe wazi kwa pamoja kwa muda mfupi. Masizi yale yakikuta oili inayonata, yanagandia. Wa tatu ni sili za valvu zilizochoka, zinazodondosha oili kupitia shina.

Mnaona sasa kwa nini nasema chupa hii haifiki? Uchafu unatokana na oili, na unakaa mahali ambapo petroli haipiti. Dawa ya tangi inaweza kusaidia nozeli, na nozeli za presha kubwa zinahitaji usafi, sikatai. Ila msiwauzie watu kitu kwa jina la kitu kingine.

Teknolojia yenyewe si ya jana. Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 ilikuwa tayari inanyunyiza petroli moja kwa moja, kwa pampu ya kimakanika. Iliyotufikia sisi ilianza mwaka 1996, Mitsubishi walipotoa Galant ya GDI, na Toyota wakafuata na D-4 yao. Hawakuwa wajinga. Petroli ikigeuka mvuke ndani ya silinda inapooza hewa, injini inaweza kubana zaidi bila kugonga, na ulaji wa mafuta unashuka. Injini ya 4GR ya Mark X inabana 12 kwa 1. Huwezi kubeza kazi hiyo. Bei yake ni hii tunayoijadili.

Na kwa kuwa nimeitaja Mark X, nibaki nayo, maana ndiyo shule bora ya somo hili kwa Dar na Nairobi. Mark X ya kwanza, GRX120, ilikuja na injini ya 2.5 na ya 3.0. Ya pili, GRX130 ya mwaka 2009, ikaja na 2.5 na 3.5. Ile 2.5 ni 4GR-FSE: silinda sita, nozeli sita, zote ndani ya silinda. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye Crown ya 2.5 ya enzi zile na kwenye Lexus IS 250. Kule Marekani wenye IS 250 za miaka ya mwanzo walilalamika sana kuhusu injini kutetemeka likiwa limesimama, na chanzo kilikuwa kaboni.

Sasa tazameni ndugu yake, 3.5, yaani 2GR-FSE. Ilitoka mwaka 2005 ikiwa na mfumo wa D-4S, nozeli kumi na mbili. Sita ziko ndani ya silinda na sita ziko mlangoni, kama zamani. Kompyuta inachagua zipi zinyunyize, wakati gani, na kwa kiasi gani. Toyota walikuwa na sababu nyingi, nguvu na moshi msafi zikiwemo, lakini pia valvu zilirudishiwa josho lake. Ford nao walifanya hivyo kwenye EcoBoost ya 3.5 ya F-150 ya mwaka 2017, wakaongeza nozeli za mlangoni. Mtu akikwambia kaboni ya valvu ni hadithi ya mafundi njaa, mpe mfano wa injini hizi mbili za Toyota.

Hapa kwetu orodha ni ndefu kuliko mnavyodhani. Noah na Voxy zile za AZR60, Premio na Allion za 2.0 zilizoandikwa D-4 juu ya kava, Nadia, Opa. Hizi zenye injini ya 1AZ-FSE zina tatizo lake la ziada: zina vipepeo kwenye menifoldi vya kuzungusha hewa, navyo vinajaa masizi mpaka vinakwama. Golf, Passat, Tiguan, Audi za TSI na FSI. BMW tangu zama za injini ya N54, mwaka 2006. Mazda za Skyactiv kama Demio, Axela na CX-5, ingawa hizo kwa uzoefu wangu hazijengi haraka kiasi hicho. Forester za tabo (turbo) za karibuni. Juke ya tabo. Kama kwenye kava ya injini hakuna maandishi, tazama kama kuna pampu ndogo ya presha inayosukumwa na kemshafti, na mabomba ya chuma yanayokwenda kwenye reli ya nozeli. Ukiyaona hayo kwenye injini ya petroli, umeshajua.

Na msisahau gari linashuka bandarini likiwa na kaboni yake kutoka kwao. Limetembea mjini Japani miaka saba, kumi, safari fupi fupi, taa hadi taa. Ukaguzi wa kabla ya kupakiwa melini unatazama breki, taa, tairi, chasisi. Hakuna anayefungua menifoldi. Mteja anasema "gari langu ni jipya, nimelitoa juzi", na wewe usimcheke, mweleze.

Dalili zake ni hizi. Asubuhi injini ikiwa baridi inatetemeka, inapiga misi, yaani silinda inaruka bila kuchoma, sekunde kadhaa, halafu inatulia. Sailensi, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inapanda na kushuka. Ukikanyaga mafuta gari linasita kabla ya kuondoka. Nguvu ya juu imepungua, lakini kidogo kidogo kiasi kwamba mwenye gari ameizoea. Taa ya cheki injini inawaka, mashine ya kupimia inatoa namba ya kosa P0300, au P0301, P0302 na kuendelea, kulingana na silinda.

Nikomee hapo kwenye dalili, kwa sababu kila moja kati ya hizo ina baba zaidi ya mmoja. Plagi iliyochoka inatoa P0301. Koili mbovu inatoa P0301. Menifoldi inayovuta hewa pembeni, nozeli inayovuja, kompresheni iliyoshuka, cheni ya taimingi iliyolegea, vyote vinaweza kuleta picha hiyo. Mashine haijui kaboni. Hakuna namba ya kosa inayosema "valvu chafu".

Alikuja mteja mmoja, mwalimu, na gari dogo la Kizungu lenye tabo. Kwenye buti alikuwa na mfuko wa koili na plagi za zamani, amezibadilisha zote gereji nyingine, gari bado linamisi asubuhi. Tulipoingiza kamera ya waya mlangoni, valvu hazikuwa na umbo la valvu. Shina lilikuwa limevaa kaboni, nene chini, jembamba juu, na tundu la kupitisha hewa limebaki upande mmoja tu. Juu ya kaboni kulikuwa na unyevu mweusi unaong'aa. Ukiugusa kwa kijiti unapaka kama grisi. Chini yake ni gumu, linakwaruzika na kutoa vipande kama makaa ya mawe. Ule unyevu wa juu ulituambia jambo jingine: oili ilikuwa bado inakuja kwa wingi, yaani PCV yake ilikuwa imekufa. Kusafisha bila kuibadilisha kungekuwa kumchezea mwalimu wa watu.

Wiki hizo hizo akaja kijana mwingine ameshajitambulia ugonjwa mwenyewe kwenye simu. Anataka valvu zisafishwe, pesa anayo mkononi. Tukaweka kamera: ukoko mdogo tu wa kawaida. Kilichokuwa kinamsumbua ni mpira wa PCV uliopasuka nyuma, pasipoonekana, unavuta hewa ambayo kihisio cha hewa hakijaipima. Mpira ukabadilishwa, akaondoka. Ningeweza kuchukua hela yake ya kusafisha, na gari lingetulia pia, maana wakati wa kufunga ningeuona mpira. Wapo wanaofanya hivyo.

Kwa hiyo kamera kwanza. Kamera ya waya inayochomekwa kwenye simu siku hizi si ghali, na hakuna udhuru wa fundi wa TSI au D-4 kutokuwa nayo. Toa throto (mlango wa kuingizia hewa) au kihisio kilicho karibu, pitisha waya, piga picha, mwoneshe mwenye gari. Kwenye V6 kama Mark X, njia kutoka throto ni ndefu na ina kona. Mara nyingine hutaona vizuri mpaka utoe menifoldi ya juu. Mwambie mteja hivyo kabla hujagusa boliti.

Tuje kwenye kusafisha.

Njia nyepesi ni dawa ya kupuliza kupitia inteki injini ikiwa inanguruma. Inapulizwa baada ya kihisio cha hewa, kamwe si kabla yake, injini ikiwa ya moto, kwa kiasi kidogo kidogo. Ukimimina kwa pupa, maji ya dawa yanakusanyika bondeni mwa menifoldi, kisha yanaingia silinda moja kwa mkupuo, na maji hayabaniki; konrodi itapinda. Kwenye gari la tabo kuna hofu nyingine, vipande vikubwa vikibanduka vinapitia egzosi na kugonga mapanga ya tabo. Soma kitabu cha gari na maelezo ya dawa, wapo watengenezaji wanaokataza. Maoni yangu: dawa hii inafaa kwa injini iliyo bado safi, ikifanywa mara kwa mara. Kwa ukoko uliokomaa inalainisha juu tu, na mteja atarudi.

Njia ya pili ni kuloweka. Unatoa menifoldi, unazungusha krenki, shafti kuu ya injini, kwa mkono mpaka valvu za silinda unayoifanyia kazi zifunge zote, unamimina dawa mlangoni mpaka ifunike kaboni, unaacha. Nusu saa, saa nzima, wengine wanalaza usiku. Halafu brashi ya nailoni au shaba, kijiti, na kunyonya uchafu kwa mashine. Rudia. Ni kazi ya kuchosha na mgongo utakuuma, lakini haihitaji mtambo mkubwa. Tazama kitu kimoja: kama dawa inapungua mlangoni wakati hujaigusa, valvu haizibi, inavuja kwenda ndani. Hapo toa plagi na uzungushe injini kabla ya kuwasha, na oili ibadilishwe. Mimi hubadilisha oili hata kama haikuvuja, kwa sababu tone la dawa likipita ringi linaharibu ulainishaji.

Msitumie kostiki ya kutengenezea sabuni. Nimeisikia gereji zaidi ya moja. Kostiki inakula aluminiamu, na silinda hedi ya gari hizi ni aluminiamu. Wala petroli ya kwenye chupa ya maji, pembeni ya betri iliyofungwa. Hilo sihitaji kulieleza.

Njia ya tatu ndiyo ninayoiamini kuliko zote: kupuliza maganda ya jozi. BMW waliifanya kuwa kazi ya kawaida kwenye karakana zao kwa injini za N54. Maganda ya jozi yaliyosagwa yanapulizwa kwa upepo wa karibu pauni 100 kwa inchi ya mraba, kupitia sindano ndefu, huku mashine ya kunyonya vumbi imefungwa kwenye mlango huo huo kwa adapta inayoziba vizuri. Ganda la jozi ni gumu kuliko kaboni lakini ni laini kuliko chuma, kwa hiyo linabandua uchafu na kuacha valvu na siti yake salama. Punje chache zikipotelea silinda, zinaungua na kutoka. Mchanga hauungui! Mchanga utakwaruza silinda, utaingia kwenye oili, utafika kwenye beringi, na injini uliyoisafisha utaishusha. Anayetaka kuweka mchanga wa Bunju kwenye mashine hii aniambie sasa nimfukuze.

Siri ya kazi yote ni valvu kufunga. Silinda kwa silinda. Usiamini alama ya pulii peke yake. Chungulia kwa tochi, tazama kemshafti, hakikisha sikio la kemu halikanyagi. Milango mingine yote ziba kwa matambara safi, na yahesabu unapoyaweka na unapoyatoa. Puliza kwa mapigo mafupi, zungusha sindano kulizunguka shina, simama, mulika, endelea. Mlio unabadilika. Mwanzoni ni mzito, kama unapuliza kwenye tope lililokauka, halafu ukifika chuma unakuwa mkali. Ukimaliza puliza upepo mtupu, nyonya, pitisha kamera kila pembe. Gasketi za menifoldi weka mpya, usirudishe za zamani kwa gundi. Boliti zifungwe kwa spana ya kipimo, tokea katikati kwenda pembeni, isipokuwa kitabu kikisema vingine.

Miwani na barakoa ni lazima. Vumbi la jozi linaweza kumdhuru mwenye mzio wa jozi au njugu nyingine za miti, kwa hiyo uliza wasaidizi wako kabla hujawasha kompresa. Na kompresa ya kujazia tairi haitoshi. Presha unayo lakini ujazo wa upepo unaisha baada ya pumzi mbili.

Kuzuia ni oili, tena na tena oili. Kuna kipimo kinaitwa Noack: oili inachemshwa nyuzi 250 kwa saa moja, halafu inapimwa imepoteza uzito kiasi gani kwa kugeuka mvuke. Viwango vya oili vya ILSAC (Marekani na Japani) vinaruhusu hadi asilimia 15, vya ACEA (Ulaya) kwa madaraja mengi 13. Zipo oili nzuri za sintetiki zilizo chini ya 10. Kila asilimia inayoruka inapita kwenye PCV kwenda kwenye valvu zako. Namba hiyo haiandikwi kwenye dumu, iko kwenye karatasi ya kitaalamu ya mtengenezaji, na fundi anayejiheshimu anaitafuta kwenye simu yake. Gari la VW linataka idhini ya VW, 502 00 au 504 00, BMW ina zake. Kitu cha kupimiwa kwa kopo hakina idhini ya mtu yeyote.

Mtaniuliza kuhusu 20W-50. Oili nzito inaweza hata kutoa mvuke mdogo, nakiri. Lakini VVT ya injini hizi inafanya kazi kwa oili nyepesi inayopita kwenye vitundu vidogo. Ukiweka nzito unaokoa shilingi ukipoteza noti.

Badilisha oili mapema. Kwa foleni zetu, kilomita 5,000 kwa D-4 au TSI si ushamba, hata kama kitabu cha Ulaya kinasema 15,000. Safari fupi zinaacha petroli na maji kwenye oili, na mchanganyiko huo unatoa mvuke zaidi. Anayeishi Tegeta na kufanya kazi Tegeta, akipata safari ya Chalinze mwisho wa wiki, injini inapata joto la kutosha kukausha oili. Msielewe vibaya: kupiga resi barabarani hakusafishi valvu hizi, maana hakuna petroli inayopita mgongoni. Safari ndefu inapunguza tu kinachokuja. Na msijaze oili kupita alama ya juu. Krenki ikiipiga inatoka povu na ukungu maradufu.

PCV ikaguliwe kila servisi. Ni kifaa cha bei ndogo kwenye Toyota, kwenye VW na BMW kimo ndani ya kava na bei inapanda, lakini bado ni rahisi kuliko kazi ya valvu.

Naona mkono. Dada, uliza. Anauliza kuhusu kopo la kudaka oili. Swali zuri. Kopo linawekwa kati ya PCV na menifoldi, ukungu unapita, oili inagandamana na kudondoka chini. Linasaidia kama ndani lina vizuizi au chujio la kweli. Kopo tupu la mapambo halidaki chochote, ukungu unaingia na kutoka. Limwagwe mara kwa mara, mipira ifungwe isivute hewa. Haliondoi tatizo, linalipunguza. Kwa gari jipya kidogo au lililotoka kusafishwa ningeliweka. Kwa gari lenye kaboni ya miaka kumi, safisha kwanza.

Na yule mzee wa kofia anasema yeye huziba PCV kabisa, boliti ndani ya mpira, yameisha. Shikamoo mzee, ila hapana. Gesi ya sampu itatafuta njia, na itapata sili ya krenki au gasketi ya kava. Kuziba EGR kunapunguza masizi kweli, lakini kompyuta itawasha taa na moshi utachafuka, na oili bado itakuja na kujenga. Hujatibu.

Maganda ya korosho? Nilijua Mtwara mtauliza. Hapana, ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi, mnayajua kuliko mimi. Jozi zinaagizwa zikiwa zimesagwa tayari, tukiagiza kwa pamoja bei inashuka, na hilo nimemwachia mwekahazina alipeleke kwenye kikao.

La bei nimalizie. Msitoze kwa silinda kabla ya kuona. Tozeni kamera peke yake, kiasi kidogo, na mkimkuta mteja hana tatizo mwambieni hivyo na picha mpeni. Kwa Mark X hesabuni saa za kutoa menifoldi ya juu na ya chini, gasketi, oili na chujio, jozi, na PCV mpya. Andikeni yote kwenye karatasi kabla ya kuanza. Nje kuna Voxy, mwenyewe amekubali tuifungue, amekaa pale anakunywa soda. Injini imeshapoa. Wa VETA ndio watakaozungusha krenki, mafundi wakubwa mikono nyuma.